Raba ya Madirisha na Mafuta ya Kukamulia

Mkwe wangu ananipenda, hilo sina shaka nalo. Nilipohamia kwao baada ya kupasuliwa goti alinitengea chumba chenye jua la asubuhi, na chai yangu huja kabla sijaiulizia. Lakini juzi niliingia bafuni nikakuta amenunua raba ya kukaushia kioo cha bafu, ya plastiki, rangi ya waridi, na ameisimamisha pembeni ikiegemea ukuta, uzito wake wote umelalia ulimi. Ulimi ndio ule ukanda wa mpira unaogusa kioo. Ukiulaza hivyo siku tatu unajipinda, na ukishajipinda, ufute utakavyofuta, utaacha mistari. Niliichukua, nikaisuuza, nikaining'iniza kwenye msumari wa taulo, kisha nikaenda jikoni kumweleza. Alinisikiliza kwa heshima zote, mwiko mkononi, halafu akauliza, "Mama, kwani hata hii iko na masharti?"

Iko na masharti. Sijui mambo mengi maishani, na yale niliyodhani ninayajua mengine yameniaibisha, lakini raba ya madirisha ninaijua. Nililelewa nayo. Ilining'inia juu ya kichwa changu nilipolala, na iliwahi kukaribia kutuvunjia nyumba, na aliyekuwa na kosa nilikuwa mimi.

Mama yangu, ambaye sote tulimwita Mami, alisafisha madirisha mjini Nyeri miaka ile ambayo vioo vikubwa vilikuwa bado vichache na kila mtu aliweza kukutajia viko wapi. Kazi alijifunzia katika hoteli moja ya wageni nje kidogo ya mji. Wageni walisafiri kutoka mbali kuja kuutazama Mlima Kenya, na mlima wetu, kama mnavyoujua, hujionyesha asubuhi kwa muda mfupi kisha ukajifunika. Madirisha yalitakiwa yawe safi kabla mlima haujatoka. Mami aliajiriwa kutandika vitanda, lakini mzee aliyeshughulikia vioo aliutazama mkono wake siku moja alipokuwa akifuta meza, akamwomba kwa msimamizi. Hoteli ilipobadilisha wamiliki na wafanyakazi wengi wakarudishwa makwao, mzee yule alimpa raba mbili za mpini wa shaba. Moja ilikuwa ndefu, kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Nyingine ilikuwa fupi, shibiri moja tu, ya vidirisha vidogo.

Kwa raba hizo mbili tuliishi Majengo, katika chumba kimoja cha kupanga karibu na msikiti, Mami na mimi. Baba alikuwa ameshafariki. Dada yangu, aliyenizidi miaka mitatu, alikuwa amepelekwa Giakanja kwa mjomba, kwa sababu Mami hakuweza kutushika sote wawili kwa kazi ya leo dirisha la duka la dawa, kesho la fundi wa saa, keshokutwa hakuna. Dada hakulalamika. Kila tulipomtembelea alitusindikiza hadi barabarani, akasimama pale pale mpaka tukapotea kwenye kona, na Mami hakugeuka kumpungia hata mara moja. Nilimwona katili. Sasa nimelea wa kwangu, na najua kwa nini hakugeuka.

Mimi aliniita Maitu. Wasomaji wa kwetu hawahitaji kuelezwa, lakini wengine wajue: msichana wa pili hupewa jina la mama ya mama, na mama akikuita kwa mapenzi hukuita Maitu, yaani mama yangu. Mama yake alikufa Mami akiwa mtoto. Kwa hiyo nilikuwa na miaka tisa, magoti yenye vidonda, na mwanamke mzima alinituma chumvi dukani akiniita mama yake. Nililichukua jina hilo kwa uzito kuliko alivyokusudia. Niliamini kwamba kwa namna fulani nilikuwa na jukumu la kumtunza.

Raba zake alizitunza kuliko alivyojitunza mwenyewe. Jioni alizisuuza kwa maji baridi yasiyo na sabuni, akazipangusa kwa kitambaa cha flana, akazitundika kwenye misumari miwili ukutani, mbali na jiko la makaa na mbali na dirisha, ulimi ukiangalia chini bila kugusa kitu. Ukingo wa upande mmoja ukianza kuwa butu aliuchomoa ulimi kutoka kwenye shaba akaugeuza, atumie upande wa pili. Ncha zake alizikata ziache kidogo tu nje ya shaba, nusu punje ya mahindi kila upande, kwa sababu shaba ikigusa kioo unakuwa umeweka alama isiyofutika. Na ulimi ukiharibika haukulala ndani ya nyumba yetu. Aliukatakata siku ile ile kwa mkasi, vipande vikawa bawaba za vibanda vya kuku vya majirani. "Ukiweka mbaya," aliniambia, "siku moja utakuwa na haraka, utaitumia." Hilo la kukata naomba mlikumbuke.

Kulikuwa na jambo moja tu katika kazi yake lililonitesa. Asubuhi, kabla ya dirisha la kwanza, alipangusa midomo yake kwa pembe ya kitambaa cha kichwa, akainua raba, akaupitisha ulimi kwenye mdomo wake wa chini, polepole, toka ncha hii hadi ile. Mimi nilidhani anaibusu. Nilidhani pia kwamba kupangusa midomo ni adabu, jinsi watu wanavyovua kofia mlangoni mwa kanisa. Kwa muda mrefu sikuona ubaya. Kisha wasichana wawili wa darasa letu wakampita akiwa mbele ya duka la dawa, na kesho yake shuleni nikasalimiwa kwa midomo iliyochongolewa na mwaa mwaa za kubusu. Darasa zima lilicheka. Nilirudi nyumbani na uso umevimba kwa kulia.

"Mami," nilimwambia, "tafadhali usiwe unabusu raba mbele ya watu."

"Ati nabusu?" Alicheka mpaka akaweka sufuria chini. "Mimi sibusu. Naisikia."

"Unasikia inasema nini?"

"Inasema kama iko sawa."

Jibu hilo lilinizidishia aibu. Mama anayebusu mpira ni afadhali kuliko mama anayezungumza nao. Nilimwomba tena, na safari hii sauti yangu ilikatika katikati, na Mami akaacha kucheka. Alinitazama kidogo, akasema, "Haya, Maitu. Mbele ya watu sitafanya." Na mimi nikaona kwamba nimemtunza.

Basi mwaka ule benki moja ilikuwa inakamilisha jengo jipya mjini. Sikumbuki tena mlango wake wala rangi yake, nakumbuka vioo. Vilikuwa vitatu, kutoka sakafuni hadi darini, vikubwa kuliko ukuta wa chumba chetu, na watu walikuja kutoka sokoni na vikapu vyao wakasimama tu kujitazama. Meneja alitaka mtu wa kuvisafisha kila wiki, mwaka mzima, kwa kazi ya kudumu. Watu wawili walikuwa wamejitokeza: Mami, na mwanamume mmoja kutoka Karatina. Meneja akaamua kuwapima Jumatatu asubuhi, kila mtu kioo chake, kwa sababu Ijumaa jengo lilikuwa lifunguliwe.

Mami hakunificha chochote. Alinikalisha kitandani akaniambia, "Hii kazi nikiipata, dada yako anarudi hapa. Nikikosa, mimi nitaenda kuchuna kahawa, na wewe utaenda Giakanja ukae na yeye." Alisema kwa sauti ya kawaida, akikunja nguo. Sikulia. Nililala nikihesabu mbao za dari na kujiuliza mama atalala wapi huko kwenye kahawa, na nani atamwamsha.

Jumamosi asubuhi tulikwenda kununua ulimi mpya wa raba ndefu. Mwenye duka la vifaa alikuwa mtu mnene mwenye subira, na alimjua Mami vizuri, maana alipomwona aliugua kabla hajasalimiwa. Akatoa ukanda uliokuwa umeanikwa kwenye kabati la kioo mbele ya duka.

"Hiyo hapana," Mami akasema. "Hiyo imekaa kwa dirisha. Jua imeikula."

"Mama, zote zimetoka kwa katoni moja."

"Katoni moja, lakini hii imeota jua. Niletee ya huko nyuma, kwa giza."

Alileta tatu. Mami aliukunja kila mmoja katikati, akauachia, akatazama kama unanyooka wenyewe au unasitasita. Wa kwanza ulisitasita, akausukuma pembeni. Wa pili aliupitishia ukucha wa kidole gumba kwenye ukingo, na ukucha ukakwama mahali, kijipengo kidogo ambacho jicho langu halikukiona hata aliponionyesha. Wa tatu aliupeleka mlangoni, akauinua kwenye mwanga kama mtu anayelenga shabaha, jicho moja limefumbwa. Mwenye duka alinikonyeza.

"Mama yako anachagua hii raba kama mtu anachagua bibi," akasema.

"Bibi ukikosea utaishi naye," Mami akajibu bila kugeuka. "Hii nikikosea nafukuzwa Jumatatu." Akafumbua jicho. "Nipe hii."

Ulikuwa wa mwisho mzuri, na wenye urefu ule haukubaki mwingine dukani. Tukiwa njiani kurudi, ukungu umetanda mpaka kwenye mapaa na pumzi zetu zinaonekana, Mami aliuingiza ule ukanda ndani ya sweta, karibu na tumbo. "Hii baridi ya mwezi wa nane ni adui ya mpira," alisema, zaidi kwa nafsi yake kuliko kwangu. "Hii ikipasuka kabla ya Jumatatu, Maitu, sisi tumeisha."

Hayo ndiyo maneno yaliyoingia kichwani mwangu na kukaa.

Sasa, baridi ya Nyeri na kupasuka nilikuwa nayajua. Visigino vyetu vilipasuka, mashavu yalipasuka, midomo ilipasuka ukicheka ghafla ukaonja damu. Na dawa ya kupasuka niliijua pia. Mjomba alituletea kutoka Giakanja mkebe wa mafuta ya kukamulia, yale mazito ya manjano wanayopakwa ng'ombe kwenye chuchu zisichanike. Kila asubuhi Mami aliyachota kwa kidole, akayasugua viganjani mpaka yakayeyuka, akanipaka miguu, magoti, uso, akamalizia na midomo, kisha akajipaka yeye. Watoto wote wa mji ule waling'aa hivyo wakienda shule. Nilikuwa nimemwona mjomba akimpaka ng'ombe aliyepasuka vibaya, na baada ya siku tatu ngozi ikawa laini tena. Hakuna kitu nilichowahi kukiona kikiyashinda mafuta yale.

Jumamosi mchana Mami alikwenda kanisani na wanawake wenzake kufagia na kupanga viti vya Jumapili. Nilisogeza kigoda, nikaishusha raba ndefu. Ulimi mpya ulikuwa mweusi, umenyooka, baridi kama jiwe la mtoni, na nikauonea huruma. Niliyachota mafuta, nikayasugua viganjani mpaka yakayeyuka, kama anavyofanya, nikaupaka upande mmoja, kisha upande wa pili, kisha ukingo wenyewe, nikirudia mahali ambapo niliona umeyanywa. Nilifanya kazi hiyo kwa upendo mwingi. Sijawahi tena kufanya kazi ya mikono kwa makini kama yale. Mafuta yakaisha mkebeni kabla sijafikia ile fupi, na nikaiacha, kwa kuwa ilikuwa ya zamani na haikuwa inakwenda benki kufanya lolote. Nikapangusa shaba ikang'aa, nikairudisha msumarini.

Jumapili Mami hakugusa zana za kazi, hiyo ilikuwa sheria yake, wala mkebe hakuufungua, kwa sababu siku ya kanisa tulijipaka tone la mafuta ya kunukia aliyoyaweka kwa ajili ya siku hiyo tu. Mafuta yakapata siku nzima na usiku mbili za kuingia. Jumatatu alfajiri aliufungua mkebe, akautazama, akanitazama mimi.

"Umekula mafuta?"

Nilitaka kumwambia, lakini nikaona ni bora ajionee mwenyewe benki jinsi raba ilivyolainika. Nilitabasamu tu. Hakuwa na muda wa kunihoji. Akachota mafuta ya kupikia kidogo, akatupaka nayo miguu na midomo, akaziteremsha raba zote mbili kwa mipini, akaziingiza mfukoni mwa turubai, na tukatoka. Shule zilikuwa zimefungwa, kwa hiyo nilibeba ndoo.

Ukungu ulikuwa mzito hata vioo vya benki havikuonekana mpaka tukavifikia. Mtu wa Karatina alikuwa ameshafika, mrefu, mpole, na rundo la magazeti ya zamani na chupa ya spiriti. Alimsalimia Mami kwa heshima akamsaidia kusimamisha ngazi. Meneja alitoka na sweta ndani ya koti, akajikuna sikio. "Kila mtu na kioo yake," alisema. "Mimi sitaki maneno. Kioo yenyewe itaniambia." Askari wa mlangoni na mafundi waliokuwa wakipaka rangi walisimama kutazama.

Mami alilowesha kioo chote kwa kitambaa, kutoka juu kuja chini. Akaitoa raba ndefu. Akainua pembe ya kitambaa cha kichwa kuelekea midomoni, na hapo akaniona. Mkono ukasimama. Alitazama wale mafundi, akanitazama mimi tena, na akaushusha mkono bila kuipangusa midomo wala kuipitishia raba. Alikuwa amekumbuka alichoniahidi. Nilijisikia mtoto mwenye bahati kuliko wote mjini.

Akapanda ngazi, akavuta mstari wa kwanza.

Raba nzuri hainyamazi kabisa, hutoa sauti ndogo, mfano wa mtu anayechana nywele chumba cha pili. Hii haikutoa sauti yoyote. Iliteleza. Nyuma yake ikaacha utepe mpana wa ukungu wa mafuta, wenye rangi rangi, kutoka ukingo hadi ukingo. Mami akapangusa ulimi, akavuta tena, na utepe wa pili ukawa mbaya kuliko wa kwanza. Mtu wa Karatina aliacha kusugua. Fundi mmoja akacheka puani.

"Mama, hiyo ni nini?" meneja akauliza.

Mami alishuka ngazi, akaushika ulimi kwa vidole viwili, akavinusa vile vidole. Kisha akageuza kichwa akanitazama, si usoni, magotini, pale mafuta yalipokuwa yakikaa kila asubuhi. Nilielewa kwamba amejua, na kwamba kitu nilichofanya ni kibaya, ijapokuwa nilikuwa bado sielewi ubaya wake uko wapi. Nilimwona dada yangu amesimama barabarani Giakanja, na mimi nimesimama kando yake, na Mami anakwenda bila kugeuka.

"Raba imekataa," Mami akamwambia meneja. "Nipe nafasi nianze tena."

"Uko na ingine?"

Aliingiza mkono mfukoni akaitoa ile fupi. Kicheko sasa kilikuwa cha wote. Askari akasema hiyo ni ya kuosha kioo cha gari. Meneja alitazama kile kiraba cha shibiri moja, akakitazama kioo kilichopanda mpaka darini, akatazama saa yake. "Ni sawa," akasema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Maitu," Mami akaniita. Nilikwenda. "Kimbia kwa yule mama wa chai hapo ng'ambo. Mwambie akupe maji moto, ndoo nusu, na kipande ya sabuni ya kuosha vyombo. Kimbia sasa."

Nilikimbia, nikarudi na maji yananimwagikia miguuni. Mami aliosha mafuta kwenye kioo mara mbili, akabadilisha maji, akaosha mara ya tatu kwa maji safi. Aliosha mikono yake mpaka viwiko. Kisha akafanya jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka hunisimamisha popote nilipo. Alichukua kitambaa safi, akakilowesha, akaipangusa midomo yake, akaipangusa tena, akaisugua mpaka pale ilipopasuka pakatoa damu kidogo, akaikausha. Akainua raba ile fupi mbele ya meneja, mbele ya askari, mbele ya mafundi wote, akafumba macho, akaupitisha ulimi kwenye mdomo wake wa chini, polepole, toka ncha hii hadi ile.

Hakuwa anaibusu. Mdomo ndiyo ngozi inayojua zaidi kuliko kidole. Alikuwa anatafuta kipengo, ukavu, uchafu, chochote ambacho kingeandika mstari kwenye kioo. Na kila asubuhi ya maisha yangu alipangusa midomo kwanza kwa sababu ilikuwa na mafuta, na mafuta ndiyo kitu kimoja ambacho raba haitakiwi kuguswa nacho. Jibu lilikuwa mbele yangu siku zote. Na kama nisingemwomba aache, angeligundua kosa langu kabla ya mstari wa kwanza. Nilikuwa nimemharibia mara mbili, na mara zote mbili kwa kumpenda.

Akapanda ngazi. Alianza na ukingo wa juu, akaukausha kwanza kidogo ili maji yasimfuate. Kisha akavuta, shibiri moja moja, kila mstari ukilalia nusu kidole juu ya uliotangulia, na kila mara akipangusa ulimi kwa flana iliyokuwa begani. Sauti ile ndogo ikaanza. Hakukimbia. Mtu wa Karatina alimaliza, akakunja magazeti yake, akasimama kando, na nadhani alikuwa wa kwanza kuacha kuona jambo la kuchekesha. Mami alikwenda kulia, akashuka, akasogeza ngazi, akapanda, akaenda kushoto. Mkono wake ulikuwa unajua unaenda wapi kabla haujafika. Nilisahau hofu yangu nikawa natazama tu, na nilijivunia kuwa wake hata kama nitapelekwa Giakanja kesho.

Ukungu ulifunguka akiwa anakausha mstari wa mwisho, chini kabisa, amepiga magoti. Jua liligonga vioo vyote viwili kwa pamoja. Kile cha magazeti kilikuwa safi mpaka mwanga ulipokiingia, kisha mizunguko ya mkono ikajitokeza yote, ukaona kila mahali mtu yule alipoanza na alipoishia. Kile cha Mami hakikuonyesha kitu. Uliona kaunta mpya ndani, kalenda ukutani, na fundi aliyesahau kalamu sikioni.

Meneja alisogea mpaka pua yake ikakaribia kioo. Akaenda upande, akachungulia kwa pembe. Akarudi.

"Hiyo ndogo inaweza kumaliza zote tatu mbele ya Ijumaa?"

"Inaweza," Mami akasema. "Nikianza saa hii."

"Na ile refu ilikuwa na shida gani?"

Mami alikamua kitambaa. "Hiyo ni mambo ya nyumbani," akasema.

Mtu wa Karatina alimpa mkono. Kisha akaniomba nimwonyeshe ile raba fupi, akaipima kwa shibiri yake akitikisa kichwa, akaenda zake na magazeti yake.

Jioni tulitembea kurudi Majengo. Nilikuwa nasubiri. Tulipofika kwenye mti wa mkaratusi kabla ya nyumba za kwanza, Mami aliketi kwenye jiwe, akaweka ndoo chini.

"Ulipaka kwa nini?"

"Ulisema baridi itaipasua."

"Uliipaka yote?"

"Pande zote mbili. Nilipasha mafuta kwa mikono kwanza." Hapo ndipo nililia. "Kama vile unanifanyia."

Nilisubiri kofi, na ningelipokea. Aliponishika alinishika magoti, akayafunika kwa viganja vyake vilivyokuwa vimekunjamana kwa maji.

"Mama yangu alikuwa ananipaka mafuta hivyo," akasema. "Alipoenda, hakuna mtu tena alinipaka. Mimi najipaka mwenyewe tangu nikiwa mdogo kuliko wewe." Akanitazama, na macho yake yalikuwa yamejaa lakini mdomo ulikuwa unataka kucheka. "Sasa wewe Maitu umerudi kunipaka, lakini umekosea mahali."

Hakulizungumzia tena, siku ile wala nyingine. Kesho yake asubuhi, mbele ya benki, alinipangusa midomo kwa pembe ya kitambaa chake akanipa raba fupi niisikie, na nikaisikia, ukingo mwembamba ulionyooka, baridi, bila kosa. Dada yangu alirudi Majengo kabla ya shule kufunguliwa. Alileta mkebe mpya wa mafuta kutoka kwa mjomba, na hakuelewa kwa nini Mami na mimi tuliuangalia tukacheka mpaka tukashikana.

Ule ulimi ulioharibika sikuuona tena. Sikuuliza ulipokwenda, kwa sababu nilijua. Nilikuwa nimeona vibanda vingi vya kuku.

Mami aliishi miaka mingi, akaona wajukuu, akawafundisha kuning'iniza raba. Tulipomzika, dada yangu na mimi tulilifungua sanduku lake la nguo kugawana mashuka. Chini kabisa, ndani ya kitambaa chake cha kichwa cha Jumapili, kulikuwa na ukanda mweusi wa mpira, urefu wa kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole. Haukuwa umekatwa popote. Ulikuwa umepasuka kila mahali, mipasuko midogo midogo toka ncha hii hadi ile, na mafuta yalikuwa yamekauka juu yake yakaacha utando wa manjano.

"Hii takataka aliweka ya nini?" dada yangu akauliza. "Si yeye alikuwa anakata zote?"

Niliuchukua ule ukanda mikononi mwake, nikaenda nao mlangoni penye mwanga. Halafu nikapangusa midomo yangu kwa pembe ya leso, nikauinua.